Siku Fenda Ilipanda Mizani ya Viazi

Shule niliwachia Form Two. Hakuna mtu alinifukuza, tuliachana tu vizuri mimi na shule, kila mtu akashika njia yake. Kwa hivyo usiniulize mambo ya sayansi. Lakini kuna siku sayansi ilinifuata mpaka Kangemi, ikanikuta na nyundo mkononi, ikanishtua vile sijawahi shtuka tena.

Nilikuwa na kibanda ya kunyoosha magari zimegongwa, hapo karibu na soko. Hiyo ni miaka ya elfu mbili na kitu, wakati mtu akiwa na simu ya rangi lazima aiweke juu ya meza ndio muione. Kastoma yangu mkubwa alikuwa daktari wa meno. Kliniki Upper Hill, nyumbani Parklands, na roho yake yote ilikuwa kwa gari moja nyekundu ya viti viwili, iko chini hivi, ukiingia ni kama unavaa kiatu. Jumapili anaenda kushindana nayo kwa zile mbio za vumbi za kuzunguka matairi. Jumatatu ananiletea. Na kila mara ni fenda ile ile, hiyo bati inafunika tairi ya mbele, ya kushoto. Sikuwahi muuliza hiyo kushoto yake iko na shida gani. Mungu akikupea kastoma wa kugonga, unashukuru na unanyamaza.

Jumatatu moja akakuja na gari haina hata mkwaruzo. Nikaona hiyo si dalili nzuri. Akatoa kitu kwa buti, imefungwa na blanketi, akanirushia.

"Shika, fundi!"

Nikapanua miguu, nikakaza mgongo, vile mtu anapokea fenda. Kitu ikatua mikononi kama gazeti. Nilikuwa nimejiandaa na nguvu mingi sana, karibu nianguke nyuma. Kufungua blanketi, kweli ni fenda. Nyeusi, imesukwa kama kiondo, inang'aa.

"Daktari, hii ni plastiki?"

"Carbon fibre. Rafiki yangu ameniletea kutoka ng'ambo, nijaribu moja kwanza. Anaweza leta ya gari mzima. Fenda, milango, boneti, buti. Chuma yote natoa. Gari itapaa, fundi!"

Mimi nikafanya ile kitu najua. Nikainua nyundo niisalimie.

"Wee! Wacha!" Daktari alipiga nduru hadi kuku za jirani zikatawanyika. "Hiyo haigongwi! Ikipasuka inaenda Industrial Area, kuna watu wa kuitengeneza na gundi."

Haigongwi. Nyundo ndio cheti pekee niko nayo maishani. Hii gari ikivaa kaboni, mimi na daktari tumemalizana, na fenda yake ya kushoto ndio ilikuwa inanilipia kibanda.

Nikauliza bei. Akaniambia. Nikakaa chini kwa tairi.

"Daktari, hiyo pesa mtu ananunua ploti Kinoo na anabaki na ya mabati."

"Najua. Ndio maana sijaamua. Bado nafikiria."

"Usifikirie sana. Hiyo kitu ni ya nchi za lami. Huku jiwe moja tu, umeokota vipande na ufagio. Na hata chuma yako si nzito. Tupime, uone mwenyewe."

Huyo ni mimi nasema. Hakuna mtu alinishikia kisu.

Mama wa viazi, jirani yangu, alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano na mshale. Tukaomba. Tukafunga fenda ya kaboni na kamba, tukaiangika. Kilo moja na robo. Nikafungua fenda ya kulia ya gari, ile haijawahi gongwa. Kilo tatu na nusu.

"Umeona?" nikasema, kifua mbele. "Kilo mbili na kitu. Daktari, ukienda choo kabla ya mbio umeokoa hizo zote."

Daktari alicheka mpaka akashika mti wa kibanda. Nilikuwa nimeshinda. Mtu ako na akili angeenda kunywa chai.

"Na ya kushoto?" akauliza.

"Si ni mapacha? Ya nini kusumbuana?"

"Toa tu."

Nikatoa. Mkono ulijua kabla ya kichwa. Nikaiangika polepole, kama mtu anaangika nguo ya mwenyewe. Mshale ukapita tatu. Ukapita nne, tano, sita. Ukasimama kwa saba na nusu.

"Ai! Hiyo imekula nini?" Mama wa viazi alisahau hata kastoma wake. "Kijana yangu, ni mjamzito?"

Daktari hakucheka. Alitoa ufunguo mfukoni, akagonga fenda taratibu, sikio karibu, vile nafikiri anagonganga meno ya watu. Kong. Kong. Halafu duf. Akachokora hapo. Kipande ikaanguka, nene kama mkate, rangi ya waridi, kijivu, waridi, kijivu, kila Jumatatu na rangi yake.

Putty, ile lipu ya kuziba mabonde ya gari. Wacha niseme ukweli. Kurudisha chuma vile ilikuwa na nyundo ni kazi ya siku mbili. Kupaka putty, kupiga msasa na kupulizia rangi, masaa nne tu umemaliza. Sisi wote tulikuwa tunafanya hivyo. Lakini kitu ilinishtua, na nilishtuka kuliko daktari, ni vile hizo safu zote nilizijua moja moja na sikuwahi kuzijumlisha. Mwenye alikuwa anaifanya hiyo gari nzito ni mimi.

"Fundi," daktari akasema pole pole, "nimeziba meno miaka mingi. Sijawahi ona filling kubwa kuliko jino."

Nilitaka kusema ni unyevu. Nikasema, "Ni mimi, daktari."

Akarudisha ufunguo mfukoni. "Umesema chuma inatosha. Basi nataka chuma. Toa hii uchafu yote, nyoosha na nyundo, bila hata kijiko moja. Alhamisi tunapima hapa hapa. Ikitoshana na ya kulia, nabaki na wewe. Ikizidi, naagiza kaboni ya gari mzima."

Siku tatu, jamani. Chini ya hiyo putty chuma ilikuwa imekunjana kama chapati ya mtu anajifunza. Nilichapa mpaka vidole zikakataa kushika kijiko ya ugali. Watu wa soko wakaanza kuniuliza kama nimeokoka.

Alhamisi tukaangika. Mshale ukafika tatu na nusu. Halafu ukapita, kidogo tu, upana wake mwenyewe. Daktari akainama kuangalia. Mimi sikuangalia.

"Ngojeni!" Mama wa viazi akaingilia. "Nyinyi mnapima aje na kamba ya mbuzi? Ya Jumatatu ilikuwa nyembamba."

Akafungua, akatafuta ile kamba ya Jumatatu, akafunga mwenyewe. Tatu na nusu, kabisa.

Daktari akapitisha kiganja juu ya fenda. Ilikuwa na vibonde vibonde kama ngozi ya kuku amenyonyolewa. "Ni mbaya sana," akasema. "Lakini ni chuma." Akaagiza kaboni ya boneti peke yake, kwa sababu huko juu hagongangi.

Jumatatu iliyofuata gari ikakuja. Fenda ya kushoto, imeingia ndani kabisa. Nikaiangalia, nikaangalia jua, mkono ukaenda wenyewe kwa mkebe ya putty.

"Fundi!" sauti ikatoka kwa viazi. "Mizani iko hapa!"

Nikaokota nyundo.