Kurasa Nne za Maestra Rosenda

Kila mwaka kabla shule haijafunguliwa, Maestra Rosenda Cabigayan, mwalimu wa darasa la tano, alifunga mlango wa darasa lake, akachukua stepla, akakagua vitabu vya afya kimoja kimoja. Kurasa nne za katikati alikuwa amezibana kwa pini tangu vitabu vilipoletwa, na pini zilizong'olewa na wadadisi alizipiga upya. Kurasa hizo zilieleza mwili wa mtoto unavyogeuka kuwa wa mtu mzima, na mimba inavyoingia. Watayajua wakishaoa na kuolewa, alisema. Yeye mwenyewe aliolewa hajui kitu, akalia wiki nzima, lakini hilo hakulihesabu kuwa hoja.

Usimdhanie mtu mbaya. Nusu ya kijiji kile cha Samar, kisiwa cha Ufilipino, alikuwa ameifundisha kusoma, na msichana aliyeona damu yake ya kwanza shuleni hakuwa na wa kumkimbilia ila yeye. Alimpeleka kwenye ngazi za mbao nyuma ya darasa, akamsimamisha kwenye kipandio cha tatu, akamwambia aruke, kama yeye alivyorushwa na bibi yake, ili damu isizidi siku tatu kila mwezi. Msichana akitua, wenzake walipiga makofi, naye akapewa suman, ule wali wa nazi uliofungwa kwa jani la mgomba. Somo liliishia hapo. Ukiuliza zaidi, uliambiwa, "Kamuulize mama yako, Inday," yaani binti. Mama naye alisema, "Kamuulize Maestra."

Nerissa Abayan aliruka vizuri kuliko wote. Alipofika miaka kumi na minne, yuko sekondari, alirudi siku moja wakati wa mapumziko, akamkuta Rosenda anasahihisha madaftari.

"Maestra, unakumbuka nilivyoruka?"

"Nisahau vipi? Ulitua kama paka."

"Sasa haiji kabisa. Huu mwezi wa tatu."

Rosenda akacheka. "Basi uliruka kupita kiasi! Wenzako wanaililia bahati hiyo." Akamwekea suman mkononi.

Nerissa hakuifungua. Alisema asante, akaondoka.

Utauliza, mtu mzima, mama wa watoto wanne, hakuelewa? Alielewa. Wazo lilimpitia, naye akalifukuza haraka kama unavyomfukuza kuku jikoni. Mtoto wa jana tu huyu! Akarudi kwenye kusahihisha.

Mficha uchi hazai, husema wahenga. Rosenda alificha, na aliyezaa ni mtoto wa mwenzake. Nerissa alijifungua kwa kisu hospitali ya mjini, akanusurika, na shule ikawa basi. Kijana aliyempa mimba alikwenda Manila kutafuta kazi, na anatafuta hadi leo. Mama yake Nerissa akaenda huko huko kufua nguo za watu ili mjukuu apate maziwa.

Mwaka wa tatu baada ya hapo, Rosenda alikuta kwenye orodha ya darasa jina la Jonalyn Abayan, mdogo wake Nerissa. Aliishika stepla, akairudisha kabatini. Asubuhi akamwambia mwalimu mkuu kwamba mwaka huu atazifundisha zile kurasa.

"Sahihi za wazazi kwanza, Maestra," mwalimu mkuu alisema. "Asiyetia sahihi, mtoto wake anatoka nje. Sitaki kuitwa na padri."

Kikao kilifanyika Jumamosi. Wa kwanza kusimama alikuwa Tatay Isko, mzee msoma sala wa kanisani.

"Maestra, hata sisi umetufundisha. Lakini mtoto humwonyeshi jiko halafu ukamkataza kupika."

Watu wakacheka. Mama mmoja akadakia, "Tena si wewe uliyekuwa unazibana? Leo kulikoni, umepata bwana mpya?" Kicheko kikazidi.

Rosenda akangoja kiishe. "Kuna mtoto alikuja kwangu kuomba msaada," alisema. "Nikamcheka, nikampa suman."

"Mtoto gani?"

"Simtaji."

Nyuma kabisa, Nerissa alikuwa amekaa mahali pa mama yake, mwanawe mapajani. Akainuka. "Ni mimi. Na wote mnajua ni mimi."

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Nilitembea kutoka sekondari na jua lile," alisema. "Nilidhani niliruka vibaya, nimejiharibu, nitakufa. Maestra, ulifikiri nimekuja kukushukuru?"

"Hapana, Inday. Nilijua. Nilijua nikaogopa."

"Basi nijibu leo. Siku ile ulitakiwa uniambie nini?"

Rosenda akashika meza. Akamjibu mbele ya wote, kama wako wawili tu. Kwamba damu ikikoma huenda ni mimba. Mimba inaingiaje, alisema wazi, bila kuzunguka. Kwamba hakuna ngazi iliyowahi kuileta damu wala kuizuia. Kwamba msichana ana haki ya kukataa, hata kwa anayempenda. "Na ningekushika mkono nikupeleke zahanati, halafu nikusindikize kwenu, nikae nawe mpaka mama yako amalize kulia. Nisamehe."

Maneno yote hayo hayakuchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Nerissa hakusema amemsamehe. Alimhamishia mtoto begani, akaenda mezani, akatia sahihi palipoandikwa mzazi. Wengine wakamfuata, si wote. Tatay Isko alitoka bila kutia. Mkewe akabaki nyuma kidogo, akatia.

Jumatatu watoto waling'oa pini wenyewe, na kutu ikawabaki vidoleni. Rosenda alisoma, akaeleza, akajibu maswali, mengine yakimchoma masikio, na alipomaliza kengele ya chakula ilikuwa haijalia. Jonalyn akanyoosha mkono.

"Maestra, ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Inday."

Jonalyn akazihesabu kurasa kwa kidole, moja hadi nne, akarudia tena kama asiyeamini. Kisha akainua uso.

"Sasa mbona dada hamkumwambia?"