Fungu la Nywele Mezani

Juzi mchana, katika hoteli moja katikati ya jiji, niliketi meza moja na dada wawili. Mdogo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni, ili apungue uzito, miezi michache iliyopita. Nilijua kwa sababu dadake aliongea kama anayehutubia mkutano.

"Saa hii hata rinda yangu ya chuo inakutosha!" alimsifu.

Mdogo alitabasamu, akapitisha vidole kichwani kujitengeneza. Vidole viliteremka na fungu zima la nywele. Aliziweka mezani taratibu, kana kwamba ni za mtu mwingine. Kijiko changu kiliganda hewani.

"Wewe! Ni nini hii?" Sasa dada mkubwa alinong'ona.

"Zinatoka tu kila nikichana."

"Kwani unakula nini?"

"Uji. Chai. Juisi. Nyama inanikwama, na nikimeza kidogo tu nashiba."

"Si daktari alisema protini kwanza?"

"Alisema. Lakini kila mtu ananiambia nimependeza. Nikadhani niko sawa."

Mkubwa alisukuma kikombe cha chai kando, akamwita weita. "Leta mayai ya kuchemsha. Na tukitoka hapa, tunaenda kwa daktari."

Alimkatia yai vipande vidogo. Mdogo alitafuna polepole, machozi yakimlengalenga. Nilimaliza pilau yangu yote kabla hajafika nusu ya yai.

Sisi watu wa Nairobi tunaona upesi sana nani amepungua. Kumwuliza kama amekula ndiko kunatushinda.