Marlys na Chujio la Maji Moto

Marlys Engebretson alikuwa amestaafu udereva wa basi la shule mjini Duluth, na maumivu ya magoti yake hayakutulia ila ndani ya bwawa dogo la maji moto lililokuwa uani, theluji ikimwangukia kichwani. Bili ya umeme ilipopanda, mumewe Vernon aliizima kabisa pampu ya chujio. Haikupita wiki, maji yakageuka meupe kama ya mchele, tena yenye utelezi.

"Umetupikia uji, mzee," Marlys alimwambia.

"Si ulisema tubane matumizi?"

"Kubana, si kunyonga. Hebu sogea."

Hakumngoja fundi. Alibadilisha maji, akalisafisha chujio, kisha akaipanga pampu ifanye kazi alfajiri, saa ambazo kampuni huuza umeme kwa bei nafuu, na tena kwa muda mfupi kila walipotoka majini, kabla jasho lao halijatuama. Vernon alishikilia kwamba haitatosha.

Bili iliyofuata ilishuka, na maji yakatakata hata Vernon akaviona vidole vyake vya miguu.

"Kumbe nimezeeka hivi?"

"Miguu yako ni hiyohiyo tangu unioe," Marlys alimjibu, akamsogelea.