Niazime Miguu Yako

Juzi binti yangu alikuwa akinivisha soksi, mvua ya kipupwe ikinyesha hapa Likoni, akashtuka. "Baba, miguu yako imetoka kwenye friji?" Nilicheka, kisha nikamkumbuka shangazi.

Miguu yangu ilipooza nikiwa mdogo. Shangazi huyo, aliyenilea, hakuwahi kuniambia kuwa ina baridi. Kila kipupwe alikuja kitandani kwangu, leso yake ikinuka moshi wa makaa na mafuta ya karafuu, akasema, "Mwanangu, baridi itaniua. Niazime miguu yako nipate joto." Aliitia ndani ya leso, akaikumbatia tumboni, nami nikajiona mtu wa maana. Hata watoto wa jirani niliwaambia kwamba shangazi hawezi kuishi bila miguu yangu.

Alasiri moja alinikataza kukaa nje kutazama mpira kwa sababu ya mvua. Alipokuja na leso yake, nikageukia ukutani.

"Leo tafuta joto kwengine," nikamwambia. "Nimechoka kukusaidia."

Mvua ilipiga mabati. Honi ya feri ikalia kwa mbali. Nilidhani ameondoka, kumbe alikuwa amekaa palepale ukingoni mwa kitanda, akipuliza viganja vyake.

"Basi niazime mmoja tu," akasema.

Nilifikiri kwanza. Kisha nikaushika mmoja kwa mikono nikamsogezea, kama mtu anayetoa sadaka. Nikaona tumbo lake likishtuka, nikadhani ni furaha.

"Ahsante sana, babangu," akasema.