Fikirini wa Majengo, fundi anayesikiliza dizeli kwa meno

Ni asubuhi, mvua ya masika imenyamaza kidogo, na katika uwanja wenye tope nyuma ya nyumba moja ya Majengo, mjini Moshi, gari la dizeli linatetemeka hadi kioo cha mlango kinalia. Fundi Fikirini Abasi amesimama mbele yake, boneti ikiwa wazi. Ncha ya bisibisi ndefu ameigandamiza kwenye injini, mpini ameuegemeza kwenye mfupa wa shavu, na amefumba macho.

Miezi mingine angeuuma mpini huo kwa meno. Sikio lake la kulia liliharibika vitani Burma, alikokuwa akitengeneza malori ya jeshi, na tangu hapo amejifunza kusikia injini kwa mifupa ya kichwa. Lakini huu ni mwezi wa Ramadhani, na bisibisi ya fundi haikosi mafuta.

“Ladha ya dizeli ikifika kooni, nitamwambia nini Mungu?” anasema. “Shavu linatosha, ila linachelewa kuelewa.”

Mkewe, Mwantum, anayemenya ndizi za futari barazani, hana huruma. “Meno yenyewe yamebaki machache. Dizeli imeshakula mengine.”

Tangu Pasua hadi Himo, Fikirini ndiye anayetafutwa gari linapotikisika na kila mtu amekwisha kutoa maoni yake. Siku nzuri hulipwa fedha. Siku mbaya hulipwa ndizi, na kwa hesabu ya Mwantum siku mbaya ni nyingi.

Gari la leo ni la Eliamini, mkulima wa kahawa kutoka Mamba, juu mlimani. Hulitumia kushusha maziwa hadi Himo, na wagonjwa wa kijijini kwake hushuka nalo pia. Limekuwa likitetemeka kwa majuma kadhaa, na mafundi waliolitazama wamemwambia injini imekwisha.

“Shikamoo, fundi,” alisema alipofika. “Mimi nimechoka. Ukiniambia injini imekufa, ing’oe uichukue wewe. Utanipa chochote, nami nitarudi kwenye punda.”

Maneno hayo yalimgusa Fikirini pabaya. Kwa miaka mingi anatafuta injini ya dizeli ya kuendeshea mashine ya kusaga mahindi huko Pasua, ambako wanawake hubeba mahindi kichwani hadi mbali. Msingi wa saruji ameshaujenga, na boliti za kufungia injini zimesimama juu yake zikianza kuota kutu. Imebaki aseme neno moja tu, kwamba imekufa. Hakuna ambaye angebisha.

Halisemi. Anachukua spana.

Analegeza nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye silinda ya kwanza. Injini inayumba, mlio unakuwa mzito. Anaikaza, analegeza ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Kila mara injini inalalamika vilevile.

“Silinda ni kama vibarua. Ningemnyima chakula mvivu, kazi isingepungua,” anaeleza. “Hawa nimewanyima wote, mmoja mmoja, na kila mara kazi imepungua. Basi wote wazima.”

Mwandishi aliyesimama karibu naye anaweza kushuhudia kwamba hakulisema hilo kwa furaha.

Kisha anaweka kiganja juu ya injini, halafu kwenye chesisi inayoibeba. Vinatetemeka sawasawa, na hapo anakunja uso. Analala kwenye tope, anaingia chini ya gari, na baada ya muda anasikika akicheka.

“Eliamini, nani kaweka miti huku?”

“Ni baba,” anajibu Eliamini. “Mipira ya kukalia injini ilioza kwa oili. Mzee akachonga vipande vya mringaringa, ule mti anaochongea mizinga ya nyuki. Havijasogea hata kidogo.”

“Ndiyo shida yenyewe. Kavichonga vizuri mno.”

Injini ya dizeli, anaeleza, hupiga kwa nguvu hata ikiwa nzima, ndiyo maana hukalishwa juu ya mipira inayomeza mtikisiko. Mti mgumu haumezi kitu. Huupitisha wote kwenye gari. Na vipande vya mzee vilikaa sawa kabisa, vimekuwa vyeusi kwa oili, hata mafundi waliotangulia wakadhani gari lilitoka navyo kiwandani.

Fikirini anakata mpira mnene wa tairi la lori, anainua injini kwa jeki, anabadilisha. Gari likiwashwa tena, kioo kimenyamaza. Eliamini ameshika usukani kwa mikono miwili, na macho yake yamelowa.

“Vile vipande nipe,” anasema hatimaye. “Mzee ataviulizia.”

Anaacha mkungu wa ndizi, anaahidi fedha baada ya mavuno ya kahawa, na kuondoka kuwahi maziwa ya jioni.

Mwantum anautazama mkungu, kisha anamtazama mumewe. “Na injini ya Pasua?”

Kusema kweli, swali hilo hata mwandishi alikuwa nalo mdomoni. Fikirini ananawa mikono polepole, anajifuta, ndipo anajibu.

“Nitaendelea kutafuta. Nataka iliyokufa kweli, ambayo mwenyewe ameshamaliza kuililia. Hiyo nitaifufua, na siku itakapoanza kusaga, Eliamini naye nitamwalika aje aisikilize.”