Mstari Mmoja Ambao Haukufungwa

Nyinyi vijana mnaochora kwa kompyuta vitu ambavyo kesho vitakuwa vyuma na mbao kwenye nyumba za watu, haya ni yenu. Someni polepole. Mimi shule niliiacha mapema na sitajifanya kuwafundisha kompyuta. Nitawaambia tu kilichotupata hapa mtaani Huruma, Nairobi, kwa sababu hata leo nikisikia mtoto akilia kutoka ghorofa ya juu, moyo wangu huruka kabla sijajua ni mtoto wa nani.

Siku ninayoikumbuka ilianza kama siku nyingine yoyote. Mwanangu Mutua ni fundi wa vyuma. Ana kibanda cha kuchomelea kando ya barabara, chini ya ploti, hili jengo la kupanga tunalokaa. Binti yake Mwende ndiye mchoraji. Alisomea chuo cha ufundi, akarudi na kompyuta yake, akaiweka kwenye meza ya chakula, na tangu hapo sisi wengine hula na sahani mapajani. Mwende huchora, mashine kule Kariobangi hukata bamba la chuma vile mchoro unavyosema, kisha Mutua huchomelea na kwenda kufunga. Hiyo mashine haiulizi mtu. Ukichora upuuzi, inakata upuuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa grili ya veranda, vyuma vya kuzuia mtu asianguke. Mama Atieno, mama mmoja aliyekuja Nairobi kutoka upande wa magharibi, hulea watoto wadogo mchana kule Kiamaiko, ghorofa ya pili juu ya maduka. Ukisimama kwenye veranda yake unaliona soko lote la mbuzi. Mama za wale watoto humwachia asubuhi na mapema wakienda kutafuta kibarua viwandani. Alitaka grili ya kupendeza, yenye vyuma vilivyokatwa kama majani marefu yaliyosimama wima. Lakini neno lake kubwa lilikuwa moja: mwanya kati ya jani na jani usipitishe kichwa cha mtoto.

Mwanangu unayesoma haya, lazima nikueleze kidogo jinsi mchoro wa namna hii unavyokaa, kama Mwende alivyonieleza mimi. Ukichora kwenye karatasi, mstari ukikaa umekaa. Kwenye kompyuta sivyo. Mistari miwili inaweza kuonekana imelingana kabisa, na kumbe hakuna kinachoifanya ilingane. Ni lazima uiambie: huu usimame wima, huu ulingane na ule, huu usitoke kwenye kona hii. Hayo masharti Mwende huyaita vifungo. Mstari uliofungwa vizuri hugeuka mweusi. Ulio huru hubaki wa buluu, na ukiushika kwa kipanya ukauvuta, unakufuata popote. Na ukiweka vifungo vinavyopingana, mchoro wote huwa mwekundu na kukataa kuendelea.

Mwende alikuwa ameufunga mchoro wake vizuri. Aliiambia mianya yote ilingane, akaandika na upana wake. Halafu Mama Atieno akapiga simu kusema mwenye ploti amebomoa stoo iliyokuwa mwisho wa veranda, kwa hivyo veranda imekuwa ndefu zaidi. Mwende akaandika urefu mpya. Kompyuta ikawa nyekundu tupu. Mimi nilikuwa kando yake nikichambua ndengu.

“Mbona imekasirika hivyo?” nikamuuliza.

“Vifungo vimegombana, Susu.” Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba. “Urefu mpya haukubaliani na ile mianya.”

“Sasa?”

“Sasa nafuta kimoja kimoja mpaka inyamaze. Baba anataka ikatwe leo, nikichelewa atanimaliza.”

Akafuta, akafuta tena. Ikanyamaza. Mstari mmoja pale pembeni ukabaki wa buluu, nikauliza na huo je. Akacheka.

“Susu, kwani siku hizi ni wewe unasahihisha? Huo mmoja hauna shida. Cheki vile imetoka poa.”

Na kwa macho ilikuwa imetoka poa kweli. Grili nzima ilikuwa imefinywa itoshe kwenye kioo, ndogo kama kitana cha nywele. Mwende akautuma mchoro Kariobangi, nasi tukaendelea na mambo mengine.

Kesho yake Mutua alitoka asubuhi na grili na mashine yake ya kuchomelea, akaenda kuifunga. Mwende alibaki nyumbani kuchora mlango wa ngazi wa huko huko kwa Mama Atieno. Akaufungua mchoro wa grili ili atoe jani moja alitumie kwenye mlango. Kipanya kikaushika ule mstari wa buluu, na jani la mwisho likaondoka. Likatembea kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine bila kuzuiwa na kitu. Mwende alikuwa anakula mkate. Nikamwona ameacha kutafuna.

Akaurudisha mstari mahali pake. Akapima mwanya uliokuwa hapo, kisha akaupima tena.

“Susu.”

“Sema.”

“Urefu wote ulioongezeka umeingia kwenye mwanya wa mwisho. Ile mingine ilikuwa bado imefungwa. Huu ndio niliufungua.”

“Kichwa kinapita?”

Aliweka viganja viwili mezani kunionyesha upana wake, na nikaona kwamba si kichwa tu. Hata mabega yalipita.

Tukampigia Mutua. Alikuwa ameshamaliza Kiamaiko na kwenda kwenye kazi nyingine Dandora, na fundi akiwa na msumeno wa chuma mkononi hasikii simu. Tukampigia Mama Atieno. Simu ikaita mpaka ikakatika. Ilikuwa saa yake ya kuwalisha watoto. Nikajifunga leso, nikamwambia Mwende abebe kamba, tukashuka.

Kutoka kwetu hadi Kiamaiko si mbali, lakini siku hiyo barabara ilikuwa imejaa kila mtu aliyezaliwa Nairobi. Mwende alitangulia, akirudi kunishika mkono, akitangulia tena, akizungumza peke yake: “Baba angeona. Baba angeona tu. Si angeona?” Nami nilikuwa najiuliza hilo hilo. Tulipokata kona ya soko tukaona watu wamekusanyika chini ya ile ghorofa, wamefanya duara, wanaangalia kitu kilicho chini. Mwanangu, nakuambia ukweli, sikutaka kufika. Mwende akajipenyeza katikati ya watu, na alipotoka alikuwa amejishika kifua.

“Ni mbuzi, Susu. Wanabishania mbuzi.”

Tukapanda ngazi. Watoto walikuwa wamemaliza kula, wametoka kwenye veranda. Grili ilikuwa inang'aa, nzuri, imesimama imara. Na pale mwisho, nyuma ya pipa la maji, kulikuwa na mtoto mmoja mnene wa shati la mistari. Mkono mmoja na bega vilikuwa vimeshapita nje. Alikuwa anawapungia mbuzi kipande cha chapati, anawaita waje wale. Sikupiga kelele, maana niliogopa kumshtua. Nilitembea, nikainama, nikamshika shati kwa nyuma na kumvuta kwangu. Akaniuma mkono. Sikumwachilia.

Kisha nikakaa chini, mgongo wangu kwenye ule mwanya, nikauziba mwenyewe. Mwende akaanza kufunga kamba, lakini fundo lilifunguka kila alipolivuta. Akainama sikioni mwangu.

“Susu, tafadhali. Tumwambie tu tumekuja kuangalia kazi. Baba akija jioni ataweka chuma kingine, hakuna atakayejua.”

Chini mbuzi walikuwa wanalia, na kilio chao kikanipeleka mbali, kwetu Ukambani, nilipokuwa msichana mdogo nikichunga na dada yangu Kalunde. Nyanya yetu alikuwa na mbuzi mmoja aliyemfunga kamba mbili, moja isimfikishe kwenye mahindi na nyingine isimfikishe ukingoni mwa korongo. Siku hiyo kamba zilijisokota, zikamkaba, akalia asubuhi nzima. Kalunde alichoka na kelele akaifungua moja, na mbuzi akanyamaza, akala vizuri sana, tukafurahi. Mchana tulimkuta chini ya korongo, mguu umevunjika. Nyanya hakutuchapa. Alitufanya tumbebe kutoka kule chini mpaka nyumbani, sisi wawili, mbuzi akilia njia nzima, kisha akasema: “Kamba ile niliifunga mimi, na nilikuwa na sababu. Mngeniuliza sababu. Lakini nyinyi mlitaka kimya tu.”

Mama Atieno akatoka ndani na kitambaa begani, akaniona nimekaa sakafuni.

“Mama Mutua, mbona umekaa chini hivyo? Umechoka? Ngoja nikuletee kiti.”

“Sijachoka,” nikamwambia. “Mwende, mwambie kwa nini nimekaa hapa.”

Mwende akaniangalia kama mtu aliyesukumwa. Lakini alisema. Alisema yote, kuanzia vile vifungo alivyovifuta hadi mstari aliouacha. Mama Atieno hakupaza sauti. Aliniomba nisogee kidogo, akapiga magoti, akaupima mwanya kwa mkono wake hadi kwenye bega. Akainuka, akawaingiza watoto ndani, akiwagusa kichwa mmoja mmoja ajue wametimia, akafunga mlango. Ndipo akageuka.

“Huyu mwenye shati la mistari, mama yake humleta hapa bado amelala,” akamwambia Mwende. “Ningemwambia nini jioni? Ningemwambia kompyuta ilikuwa imenyamaza?”

Mwende alilia. Sikumbembeleza. Kuna machozi ambayo mtu anapaswa kuyamaliza mwenyewe.

Mutua alifika alasiri, tulipompata kwenye simu. Akauangalia mwanya, akakuna kichwa.

“Niliuona, Mama. Nikadhani mmeacha njia ya bomba la maji.”

“Ulidhani,” nikamwambia. “Na simu ilikuwa mfukoni mwako.”

Akachomelea vyuma viwili pale, na mimi sikuondoka mpaka nilipovitikisa kwa mikono yangu vikakataa kutikisika. Mama Atieno hakutupa chai siku hiyo. Ilikuwa haki yake.

Tuliporudi nyumbani Mwende aliuanza ule mchoro upya, na safari hii nilivuta kiti nikakaa kando yake. Alianza kwa kushikilia kona moja isitoke mahali pake, kisha kila kitu kingine akakifunga kwa kukihesabia kutoka hapo. Akaiambia mistari ipi isimame wima, majani yapi yalingane. Upana wa mwanya akauandika mahali pamoja tu, maana kumbe hata hilo lilikuwa kosa la kwanza, alikuwa ameandika jambo lile lile mara nyingi kwa njia tofauti, na ndiyo maana liligombana. Mistari yote ilipokuwa myeusi akaushika mchoro kwa kipanya, akauvuta kona hii, akauvuta ile. Haukusogea. Halafu akaongeza urefu kwa makusudi. Majani yakaongezeka, na mianya ikabaki vile vile.

Basi mwanangu, sikiliza. Kompyuta haijui unachokitaka, inajua ulichoiambia. Kitu kikionekana sawa kwenye kioo, hiyo si kazi bado. Uliza ni nini kinachokishikilia. Ukikuta hakuna, jua kuna siku mtu atabadilisha kipimo kimoja na kitu hicho kitakwenda kinakotaka chenyewe, na wewe hutakuwepo.

Mchoro ukiwa mwekundu, usiuone kama adui. Unakuambia kwamba umesema maneno mawili yasiyoweza kuwa kweli pamoja. Kaa chini uyasome. Chagua lipi ni la lazima na lipi ulilisema kwa mazoea, ndipo ufute. Mtu anayefuta ili apate amani anaweza kufuta lile moja lililokuwa linamshika mtoto. Na usifunge kila kitu kwa hofu pia, kwa maana vifungo vingi vya bure ndivyo huzaa hizo kelele.

Na ukikosea, nenda. Usingoje jioni, usitume salamu, usitafute maneno mazuri njiani. Nenda na kamba mkononi, ziba hatari kwa mwili wako kama huna kingine, kisha useme ulichofanya kabla hujaulizwa. Utaona haya, ndiyo. Haya haijamwangusha mtoto yeyote kutoka ghorofani.

Mimi bado naogopa. Nikipita chini ya ile veranda naangalia juu, na nikiona shati lolote la mistari nasimama mpaka lirudi ndani. Labda woga huo utaondoka nami tu. Mungu awape mikono yenye subira na macho yasiyoridhika haraka. Kila mnachokichora kisimame, na watoto wa watu watakaokiegemea warudi kwa mama zao jioni wakiwa wazima.

Jioni ya siku ile ya grili, kabla chakula hakijapakuliwa, niliwaita Mutua na Mwende nikawapa amri, na ndiyo inayofuatwa nyumbani kwangu mpaka leo. Mchoro hautoki kwenda kukatwa mpaka aliyeuchora auvute mbele ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mimi. Hakuna anayefuta kifungo kabla hajasema kwa sauti kilikuwa kinashikilia nini. Na siku ya kufunga, aliyechora aende mwenyewe, apige magoti sakafuni na aingize mkono kwenye kila mwanya kwa kimo cha mtoto, kabla mtoto yeyote hajafunguliwa mlango.