Mchezo wa Nyimbo na Jicho Langu la Mnunuzi

Mimi sibahatishi nguo. Niseme hivyo mapema, maana kuna watu hapa Guangzhou wanaoisimulia habari hii kana kwamba mimi ni mshamba niliyeshuka kwenye ndege jana. Nimenunua magauni soko la Shisanhang miaka tisa, na kabla mzigo haujafungwa najua lipi Mwanza watalipigania na lipi litaning'inia dukani mpaka lipauke. Wenzangu huniletea nguo niziangalie kama watu wanavyopeleka mtoto kwa daktari.

Siri yangu ni moja. Nachukua sampuli, naionyesha watu, kisha nanyamaza. Anayesema "nzuri sana dada, hongera" huyo anaaga. Anayesema "huu mshono mbona umepinda? Rangi hii si itachuja? Na mkono mfupi hivi, waliishiwa kitambaa?" huyo ndiye mnunuzi. Kuna mwaka lilitoka gauni la kijani lenye marinda mpaka shingoni, soko zima likalisifu. Nikalikataa. Jirani yangu wa dukani akalibeba kwa madazeni, na mpaka leo ukimwalika harusini anakuja na zawadi, na zawadi yenyewe ni kijani.

Basi mwenzangu alipotunga mchezo wa nyimbo, alikuja kwangu.

Huyu tulikuwa tunaishi naye vyumba viwili mtaa wa Dengfeng, juu ya duka la simu. Yeye ni wa Mombasa, mkalimani, anawatembeza wafanyabiashara wageni sokoni na kuwabishania bei kwa Kichina. Mchana kutwa anasema maneno ya watu wengine. Jioni, mimi nikipika, alikuwa anakaa sakafuni na daftari lake akitunga ya kwake, mwaka wa tatu huo. Ulikuwa mchezo ambao watu wanaongea kidogo, wanaimba, wanaongea tena, na nyimbo ndizo zinazosukuma habari mbele. Habari yenyewe ni ya mama mmoja aliyekuja Guangzhou kununua mzigo wa mwezi mmoja, akakaa miaka kumi na moja, na kila akipiga simu nyumbani anaimba "mwezi ujao narudi".

Waigizaji walikuwa sisi kwa sisi. Yule mama wa "mwezi ujao" aliigizwa na muuza viatu kutoka Tanga, mwanamke wa sauti nzito anayeweza kumnyamazisha mwenye mkokoteni pale soko la Zhanxi. Bosi wa Kichina anayemuuzia vitambaa aliigizwa na Mnairobi muuza simu, aliyepakwa poda mpaka akawa kama andazi lenye sukari. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya juu ya mgahawa mmoja wa Xiaobei. Mwenye mgahawa alitaka jibu Ijumaa: mchezo upo Jumapili mchana, au awape watu wa harusi.

"Shoga, we una jicho," mwenzangu akaniambia Jumatatu. "Nipimie. Ukinambia utapendwa, n'tafungua. Ukinambia hautapendwa, nauvunja, na daftari nalitupa. Mie sitatunga tena. Miaka mitatu yatosha kujidanganya."

Alisema hivyo huku anakunja nguo zake, taratibu, wala hanitazami. Niliogopa, lakini kusema kweli nilivimba kichwa pia. Nani mwingine mjini hapa anayeombwa kupima mchezo kabla haujafunguliwa? Nikamwambia Alhamisi jioni utapata jibu.

Nikachukua sampuli. Nilirekodi wimbo wa kwanza mazoezini, nikatoka nao. Nilianza saluni ya Xiaobei, wanawake wanne wakiwa na vichwa nusu vimesukwa. Wakasikiliza mpaka mwisho. "Nzuri sana dada!" Nikaenda Zhanxi kwa wafunga mizigo. "Hatari, dada, nzuri mno." Nikamsikilizisha hata laoban wangu wa magauni, bosi ambaye huwa ananikunjia uso nikigusa tu kitambaa bila kununua. Akainua vidole gumba viwili. Viwili! Miaka tisa sijawahi kuona hata kimoja. Nikautuma kwenye kundi la simu la wateja wangu wa Mwanza, na kukanyesha mikono ya kupiga makofi, maua, na mmoja akaandika "Mungu ambariki aliyetunga".

Jamani, nilikaa juu ya furushi la suruali pale Zhanxi nikashika kichwa. Mungu ambariki! Katika biashara yangu hakuna kukataliwa kubaya kuliko huko. Mtu akikubarikia bidhaa, ujue hata ukimpa bure ataisahau kwenye teksi.

Alhamisi jioni nilimkuta anashona pazia la jukwaa. Nikaweka wali jikoni, nikakaa mkabala naye.

"Mwenzangu, hautapendwa."

Sindano ikasimama. "Hakuna hata mmoja aliyelalamika?"

"Hata mmoja."

Akaitika kwa kichwa. Hakulia, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikaona nimtulize, na mimi kutuliza kwangu ni kusema. Nikamwambia kosa si lake, ni la vitu vidogo vidogo. Wimbo wa pili mrefu, mtu anaweza kwenda mpaka mji wa Foshan akarudi. Yule mume wa kwenye simu mbona mpole hivyo? Mume gani anaambiwa "mwezi ujao" miaka kumi na moja asitukane? Na gauni la muuza viatu lile, nani alilichagua, mfanyabiashara gani anakwenda sokoni na gauni la mkia? Na ule mwisho! Kwa nini harudi? Mama yake anamsubiri, simu inakatika, taa zinazimwa, basi? Nimekaa wiki nzima sipati usingizi kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hayupo! Nilikuwa nimesimama, nadhani nilikuwa nimeshika mwiko, na wali ulikuwa unaungua.

Mwenzangu akafungua daftari, kurasa za nyuma. Zilikuwa zimejaa mwandiko wake mdogo. Akasoma: "Mume mpole mno. Wimbo wa pili mrefu. Gauni la mkia. Kwa nini harudi." Akafunua. "Kwa nini harudi." Akafunua tena. "Kwa nini harudi, na kiatu kinabana." Akaniangalia. "Haya ni yako yote, tangu mazoezi ya kwanza. Shoga, na anayelalamika ni nani, kwa maneno yako mwenyewe?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunifunga kwa kamba yangu.

"Mteja mmoja hajazi ukumbi," nikasema.

"Yuko mmoja lakini," akasema, akampigia mwenye mgahawa.

Jumapili nilisimama mlangoni kuuza tiketi, na hapo ndipo nilipolijua kosa langu, kosa ambalo hata mwanagenzi wa Shisanhang halifanyi. Nilionyesha sampuli bila kutaja bei! Kitu cha bure kila mtu anakisifu. Nilipotaja bei ya tiketi tu, watu wakabadilika sura. "Nyimbo ngapi humo ndani?" "Nikichukua kumi unanipunguzia ngapi?" "Kiti kile kipo nyuma ya nguzo, hicho ni nusu bei." Mmoja alitaka kusikia wimbo mmoja kwanza, na usipompendeza arudishiwe hela. Nilikuwa nawajibu kwa ukali huku moyo unaruka. Ukumbi ukajaa, wengine wakakaa juu ya mafurushi yao.

Ndani ikawa vurugu tupu. Muuza viatu alipofika kwenye wimbo wa kununua kitambaa, alitakiwa akubali bei ya bosi huku analia. Ukumbi ukakataa. "Umepigwa, mama!" "Ondoka, atakuita!" Naye, mfanyabiashara wa kweli, akashindwa kujizuia. Akageuka akaondoka jukwaani. Mnairobi na poda yake akabaki anatutazama, akasema, "Sasa mimi niimbe na nani?" kisha ikabidi amkimbilie mpaka jikoni akimteremshia bei. Wakarudi pamoja na sahani ya sambusa, wakaendelea na wimbo kutoka katikati. Baba mmoja wa mbele aliinuka akashika pindo la gauni la mkia, akalisugua kwa vidole, akauliza kama lipo la saizi kubwa. Meiyou, akajibiwa na ukumbi mzima kwa Kichina, hamna.

Kisha ukaja mwisho. Muuza viatu peke yake na simu. "Mwezi ujao, mama. Mwezi ujao narudi." Taa zikazimwa. Mimi nilikuwa nimemwambia mama yangu maneno hayohayo asubuhi ile, kabla ya kanisa. Nilisikia watu wanavuta kamasi gizani. Halafu mtu mmoja akapaza sauti, "Si urudi, we!" na mwingine akamjibu kwa hasira, "Arudije, mzigo bado uko bandarini!" Wakashuka ngazi wanabishana, mpaka barabarani nikawa nawasikia wakimtukana yule mume mpole.

Mwenzangu akaja, bado ana pini za pazia mdomoni. Akazitoa. "Haya. Waonaje?"

Nilikuwa nalia, akili haipo. Nikasema la moyoni.

"Nzuri sana."

Mama wee! Uso wake ukasawijika. Alishika ukingo wa kiti kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nikafuta macho kwa kanga, nikakohoa.

"Pazia limepinda," nikasema. "Wimbo wa pili bado mrefu. Na ule mwisho haufai, haufai kabisa, mwambie yule mwanamke arudi kwao. Jumapili ijayo nataka viti sita." Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Nisikilize, sijamaliza. Ukinipunguzia, nachukua kumi."